Chungu cha Togwa cha Bi Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Loo, mnajibu kama wagonjwa! Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Na wewe unayesinzia huko nyuma, amka, kesho usinisumbue kwa maswali.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, palikuwa na Bi Kanga. Alilea makinda yatima. Si wake, ni wa wenzake waliokufa. Mzee Tembo ndiye aliyewaletea mtama. Akija, puu! anautua kwenye ghala la sadaka. Makinda wanakula, wanalala.

Mwaka mmoja mvua ikagoma. Tembo akatua mzigo wa mwisho.

"Mwanangu, mimi nahama. Huu nimeutoa watoto hawa washibe. Tumia akili yako."

Akaenda zake. Bi Kanga akautazama mzigo ule. Mtama ukiisha, makinda watakula nini?

Akawaza, akawaza. Akachukua nusu ya mtama, akauloweka, ukachipua. Akauanika, akausaga, akapika togwa. Chungu akakiweka njiani.

"Togwa! Togwa tamu! Kata moja kwa konzi ya mchwa!"

Wanyama hao, mbio! Gu-gu-gu, wanakunywa. Mchwa wakamiminika, makinda wakadonoa, do-do-do! Bi Kanga akarukaruka kwa furaha. Jamani, imewezekana!

Mara, Kima huyo! Kima, mlinzi wa sheria ya msitu. Akashuka mtini, poromoko!

"Weee, Bi Kanga! Cha sadaka hakiuzwi! Sheria huijui?"

Akashika chungu akipindue. Bi Kanga akakikumbatia kwa mabawa yote mawili.

"Bwana Kima, nakusihi! Ukikimwaga hiki, umewaua watoto hawa."

"Tembo alitoa mtama uliwe!"

"Alitoa watoto washibe. Hebu niambie, sheria hiyo ilitungwa kwa nini?"

"Kwa sababu ya Fisi! Aliuza nyama ya sadaka, akanenepa yeye, yatima wakafa njaa."

"Haya, nipapase tumbo."

Kima akapapasa. Lahaula! Mifupa mitupu.

"Sasa wapapase watoto."

Akapapasa. Ndi! Ndi! Ndi! Wote wameshiba. Kima akajikuna kichwa.

Hajamaliza kujikuna, Fisi huyo na chungu chake. "Togwa! Nami nauza kwa ajili ya yatima!"

"Yatima gani?" Kima akauliza.

"Wapo... wapo nyumbani."

"Lete tumbo!"

Kima akapapasa. Limetuna kama ngoma! Fisi akatimua vumbi, chungu kakiacha.

Kima akageuka, akaketi kando ya chungu cha Bi Kanga.

"Uza, dada. Lakini mimi nakaa hapa. Kila jioni napapasa matumbo. Likinenepa lako wao wakakonda, nakimwaga!"

"Papasa, kaka, papasa!" Bi Kanga akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Basi jua likawaka, koo la Kima likakauka. Polepole akanyoosha mkono, akashika kata.

Makinda wote wakapiga kelele: "Mchwa kwanza!"

Kima akainuka, akaenda kutafuta mchwa.

Mmesikia, wakubwa kwa wadogo? Sadaka ni ya mwenye shida. Ukiifanyia biashara, faida imrudie yeye, na mlinzi aangalie nani anashiba. Hadithi yangu imekomea hapo, aliyeipenda aichukue, aende akamsimulie mwenzake.