Kura za Lango, Barabara, Bwawa na Tangi

Hapo zamani za kale, na mwaka msiniulize, wanyama walikuwa na kampuni ya kuuza maji. Tangi lao moja lilikuwa na ufa. Chururu! Chururu! Maji yalimwagika kutwa, na wakurugenzi watatu, Tembo, Kifaru na Kiboko, wako kikaoni. Kikao cha saba, jamani!

Bi Nguchiro, mfagizi wa ofisi, akaingia na ndoo tupu.

"Wakubwa zangu, tangi linavuja. Wanangu wana kiu tangu juzi!"

"Kwanza lango refu!" Tembo akapiga mguu chini, puu! "Kila nikiingia nainama."

"Lango la nini? Barabara pana!" akakoroma Kifaru.

"Bwawa la kuogelea!" akasema Kiboko.

"Bwawa, na maji hamna?" akauliza Nguchiro.

"Wewe fagia!" wakamjibu wote watatu. Hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana tangu kikao cha kwanza.

Nguchiro alichoka, wanangu. Alichoka mpaka akacheka.

"Basi wazee wangu, pigeni kura. Vibuyu hivi vinne. Kila mmoja kokoto mbili: moja kwa mradi wake, ya pili kwa mradi mwingine wowote. Mradi wenye kokoto nyingi unaanza kesho, bila mjadala."

"Kibuyu cha nne cha nini?"

"Cha tangi. Mniwekee tu, nisilie."

Wakacheka, kwa kwa kwa! Wakakubali.

Tembo akatia kokoto kwenye lango. Ya pili akaishika, akawaza: "Nimpe Kifaru? Atanishinda! Kiboko je? Thubutu! Naitupa kwenye tangi. Nani mwingine atalipigia kura?"

Kifaru naye akawaza vivyo hivyo. Na Kiboko naye. Wakubwa wazima!

Vibuyu vikamwagwa. Lango, moja. Barabara, moja. Bwawa, moja. Tangi: ko! ko! ko! Tatu.

"Nani kalipigia tangi?" akafoka Tembo.

Kifaru akatazama dari. Kiboko akakohoa. Tembo akaikumbuka kokoto yake mwenyewe.

Kesho yake Tembo alibeba udongo, Kifaru akaukanyaga, Kiboko akaziba ufa huku akinung'unika. Jioni ndoo ya Nguchiro ilijaa, na watoto wake wakanywa mpaka wakabeua.

Ndivyo walivyo wakubwa wanaooneana wivu, wanangu: hata jambo la maana hulichagua kwa bahati mbaya tu.