Liwali Aliyefunga Baraza la Kahawa

Palikuwa na liwali mmoja, jina lake Zahorani, mkali kama pilipili kichaa. Siku moja akapiga mbiu: "Baraza la kahawa la Feruzi lifungwe! Pale kazi yao kunisema mimi. Na atakayenitaja kwa ubaya, viboko!"

Jamani, baraza lile! Lilikuwapo tangu enzi za babu yake Feruzi. Msiba ukitokea, hutangazwa pale, na wachukuzi wa jeneza hupatikana pale pale. Mume na mke wakikosana, hupatanishwa kwa kahawa na kashata. Mgeni asiye na pa kulala hakosi mwenyeji. Kusema watu nako kulikuwapo, Mungu atusamehe, hatukuwa malaika.

Feruzi akazima makaa, akafunika mabirika. Mtaa ukawa kimya.

Sasa liwali alikuwa ameposa binti wa sheikh mmoja wa ng'ambo. Na desturi mwaijua: wakwe hutuma wajumbe kuulizia tabia ya mposaji, na pa kuulizia ni barazani. Wajumbe wakaja, wakakuta pamefungwa. Wakauliza majirani, "Ati liwali wenu ni mtu wa namna gani?" Kila mtu akatazama ncha za viatu vyake. Wajumbe wakaguna. Mtu anayenyamaziwa haozwi! Wakasema kesho asubuhi wanarudi kwao, posa ndiyo basi.

Liwali aliposikia, akaagiza Feruzi aletwe mbio.

"We Feruzi! Mbona hamkunisemea kwa wageni?"

"Ulitukataza kukutaja, bwana."

"Nilikataza mabaya! Mema nani kayakataza?"

"Hakuna, bwana. Ila hayo mema hatukuwa nayo."

"Mshenzi wewe! Nitakutia ndani!"

"Nitie, bwana. Lakini wajumbe wakimuulizia muuza kahawa, wajibiwe yuko wapi?"

Liwali akanyanyuka. Akazunguka chumba, akarudi, sauti imelainika kama ya bwana harusi.

"Haya, ndugu yangu. Kafungue baraza. Sasa hivi! Waite wale wajumbe, wape kahawa, waambieni wema wangu."

"Upi, bwana?"

Liwali akakuna kichwa. Akakuna ndevu.

"Waambieni... waambieni nimewafungulia baraza!"

"Hilo tutalisema kwa vinywa vyote, bwana. Lakini wale ni watu wa kuuliza. Watataka kujua nani alilifunga."