Mama Sidi Alipomsindikiza Mgeni

Hapo zamani, wala si zamani ya sungura na fisi bali zamani ya juzijuzi, watu wakiwa na shahada na hawana kazi, palikuwa na msichana wa Ganze akiitwa Umazi. Alisomea uhandisi wa maji. Kwao maji huuzwa kwa mtungi, kwa hivyo ungedhani angegombaniwa. Wapi! Alizunguka na bahasha ya CV mpaka ikachanika pembe, na kila ofisi ilimwambia neno lile lile: hatukuajiri kwa sababu hujawahi kuajiriwa. Wakubwa wakapanda majukwaani wakawaambia vijana wajiajiri. Basi Umazi akajiajiri kutikisa mabega.

Aliingia kikundi cha ngoma cha Mzee Karisa kwa sababu moja tu. Kikundi kilikuwa na mwaliko wa Ulaya, na huko Ulaya, mjini Berlin, kulikuwa na chuo alichokuwa akiandikiana nacho. Chuo kilimwambia hivi: nafasi ya kusomeshwa ni moja, njoo tukuone uso kwa uso Alhamisi saa tisa, usipofika tunampa mwingine.

Wakacheza Prague. Alhamisi asubuhi kikundi kizima kikapanda treni ya Berlin, na ngoma zao.

Sasa jueni sheria ya Mzee Karisa. Mwaka uliotangulia wachezaji wake wawili walizamia Ulaya, wakamwacha akijieleza ubalozini kama mwizi wa kuku. Tangu siku hiyo pasipoti za wote hutiwa kwenye mkoba mmoja wa kitenge, na mkoba huo huvaliwa na Mama Sidi, mwimbishaji wao, ambaye hata akilala hauvui.

Mle behewani Mama Sidi aliketi na bibi mmoja wa kizungu. Lugha moja hawakuwa nayo. Mama Sidi akafungua kopo la mabuyu, bibi akala, midomo ikawa myekundu, wakachekana kama mawifi. Umazi aliwatazama akacheka kidogo, halafu akarudia kukariri majibu yake ya usaili.

Treni ikasimama kituo kidogo kabla ya mpaka. Bibi akainuka, ana sanduku zito. Mama Sidi akainuka naye, akalichukua sanduku. Umazi akamuuliza anakwenda wapi.

"Namsindikiza mgeni wangu," Mama Sidi akasema. "Mtu umekula naye, utamuaga ukiwa umekaa?"

Kwao ndivyo ilivyo. Mgeni haagwi mlangoni. Unatoka naye, mnapiga hatua mkiongea, unamfikisha mahali, ndipo unarudi. Mama Sidi akashuka, akaongozana na bibi, hatua, na hatua nyingine. Milango ikajifunga. Hakukuwa na honi wala utingo wa kupiga bati. Umazi alimwona kupitia dirishani, mkono ungali juu akimpungia bibi, kisha akageuka, na mkono ule ule ukabaki umewanyooshea wao.

Treni ikaenda.

Kazungu, mpiga ngoma, alikuwa amesimama mlangoni. Juu ya kichwa chake palikuwa na kile kishikio chekundu cha kusimamisha treni. Akakishika. Umazi akamshika mkono.

"Usivute, bro. Ukivuta tutakwama hapa hadi jioni, na saa tisa itanipita. Atakuja na treni ya nyuma yetu. Tutamngoja Berlin."

"Na mkoba?"

"Kwake uko salama kuliko kwako."

Kazungu akatazama behewa zima likimtazama, mtu mweusi kashika kitu chekundu, akaachia. Wenzao walisikia yote. Wakanyamaza, wengine wakajifanya wanatafuta chaja. Habari ya mpaka hakuna aliyeikumbuka. Treni ikaenda.

Haukupita muda, polisi wakaingia. "Passports, please."

Umazi akatoa Kiingereza chake chote cha chuo kikuu. Akaeleza mkoba, akaeleza kituo, akaeleza mabuyu. "They are with our mother," akamalizia. "She was seeing off a visitor."

"Your mother," polisi akarudia. "All of you?"

"All of us."

Polisi akamtazama mwenzake, utazamaji ule usiohitaji mkalimani. Wakashushwa wote na ngoma zao. Treni ikaenda. Kiti cha Umazi kikafika Berlin kitupu.

Na kule nyuma je? Bibi alikuwa ameshaingia garini kwake, hana habari. Polisi wengine wakamkuta jukwaani mwanamke asiyejua lugha, peke yake, ana mkoba uliojaa pasipoti za watu wasioonekana. Wakazitandaza mezani, sura moja moja. Wakasema huyu anauza watu.

Upande huu wa mpaka watu bila pasipoti, upande ule pasipoti bila watu. Zilipokuja kukutanishwa na wenyewe, viza zilikuwa zimefutwa, na saa tisa ya Umazi ilimkuta kwenye benchi la polisi, midomo ikimcheza, akijibu maswali ya usaili ambayo hakuna aliyemuuliza. Kikundi kikarudishwa nyumbani. Mama Sidi alibaki ndani wiki baada ya wiki, ndipo wakamwachia, pasi na hata sorry.

Kwa Wagiriama mwenye kosa humpelekea aliyemkosea kadzama, pombe ya mnazi ya kuomba radhi. Huibeba mtu mmoja kwa mikono yake, si kikundi. Mnazi wa Mama Sidi ukagemwa, kikundi kikakutana kwa Mzee Karisa kiamue nani aubebe.

Mzee Karisa akasema, "Mimi niliweka pasipoti pamoja ili kikundi kisivunjike. Bila sheria yangu Ulaya mngeiona kwenye kalenda. Mimi sipeleki."

Kazungu akasema, "Mimi mkono wangu ulikuwa pale pale. Aliyeutoa tunamjua. Mimi sipeleki."

Mmoja nyuma akanong'ona kwamba Mama mwenyewe ndiye aliyeshuka, treni si kijia cha shambani. Hakuna aliyemkemea, na hakuna aliyemuunga mkono.

Umazi akasema, "Nilimshika mkono, ndiyo. Na nyinyi mlisikia, mkanyamaza, kwa kuwa Berlin mlikuwa mnaitaka kama mimi. Maishani nilipewa mlango mmoja, nikauona ukifungwa. Mimi nimeshalipa. Sipeleki."

Siku hizi Umazi, mhandisi wa maji, anauza maji kwa mtungi. Juzi alimpelekea Mama Sidi. Akamimina pipani, akakawia kidogo, akaaga. Alingoja kusikia kiti kikilia, zile kandambili zikimfuata mpaka barabarani kama zamani. Mama Sidi hakuinuka.

"Haya, mwanangu," akasema. "Njia unaijua."

Na ule mnazi ungali kwenye kona kwa Mzee Karisa, unageuka siki. Haya, nyinyi mliokaa hapa kimya kama abiria wa treni ile: aliyetunga sheria, aliyemsindikiza mgeni, aliyeachia kishikio, aliyemshika mkono, au wale waliotafuta chaja? Je, nani alistahili kuubeba?