Nuksi ya Bonde la Ukungu

Zamani hizo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba na majiko yao, palikuwa na bonde ambalo ukungu wake hauondoki hata jua la mchana likiwaka. Humo waliishi pimbi, na jambo lao lilitisha: kila walipochagua rais wa nyika, waliyempa kura alishindwa.

Mara sita. Na kila aliyeshindwa alikwenda bondeni kuwashukuru, akaingia ukunguni, asionekane tena. Nyayo zake zilifika kwenye majabali, zikakoma. Kisha pimbi wakaanza kusikia hatua zikizunguka nyumba zao, na mtu akikohoa taratibu nje ya mlango. Wakifungua, hakuna mtu.

Mara ya saba walisimama Kongoni na Fisi. Fisi alishatamba kwamba akishinda, bonde lile litakuwa ghala lake la nyama. Tayari alikuwa amemla mtoto wa Sikujua, pimbi mmoja mjane.

Asubuhi moja Sikujua alisikia kikohozi mlangoni. Akafungua, akitarajia ukungu mtupu. Alikuwa Fisi mwenyewe.

"Safari hii nyote mpeni Kongoni kura," Fisi akanong'ona. "Nataka nuksi yenu imwangukie yeye."

Sikujua aliyatazama meno yale, akamkumbuka mwanawe. Akajikaza, akasema:

"Tutampa, mzee. Ila sisi ni wachache, na nuksi yetu ni nyembamba. Ukitaka Kongoni aanguke kweli, lete ukoo wako wote wapige kura hapa, watie kokoto zao kwenye mtungi wa Kongoni."

Fisi akasita. Hapo nje, kho, kho, mtu akakohoa. Manyoya ya Fisi yakasimama. Akauliza ni nani yule.

"Aliyeshindwa mara ya sita," Sikujua akamjibu. "Ameshazoea."

Fisi akaahidi kuwaleta, akaondoka akitazama nyuma.

Siku ya kura fisi wote wakashuka bondeni, mstari mrefu ndani ya ukungu, kimya. Kila mmoja alitia kokoto yake kwenye mtungi wa Kongoni. Tok. Tok. Tok. Hata Fisi mwenyewe, kwa hofu ya kuiharibu nuksi, alitia yake humo humo.

Kokoto za nyika zikahesabiwa. Kwingine kote wawili hao walikuwa sawasawa. Ukaletwa mtungi wa bondeni, mzito, umebebwa na nyumbu wawili, na Kongoni akatangazwa rais.

Fisi akamwendea Sikujua, akamwambia kwamba amemdanganya.

"Ndiyo," akasema Sikujua. "Nuksi sijui inakotoka. Kokoto ninajua kuzihesabu."

Fisi alitaka kumrukia, lakini ukoo wake ulikuwa umeshamzingira, ukimuuliza kwa nini aliwatuma wamchague adui yao. Wakamfukuza kutoka nyikani siku ile ile, na Kongoni akaweka walinzi kwenye njia ya bonde.

Pimbi wakarudi nyumbani, wakakaa pamoja. Hakuna aliyejua washindi hufanya nini. Mmoja alipiga makofi mawili, akaacha, akatazama mlango kama anayengoja kikohozi.

Wanangu, anayeutafuta ushindi kwenye bahati mbaya ya wenzake hujiangusha kwa mkono wake mwenyewe.