Kikapu cha Nakijwa

Nani kati yenu hajawahi kumnyima mwenye njaa? Basi nyamazeni, niwasimulie.

Sikukuu ya mavuno, Nakijwa alijitwika kikapu cha ndizi mbivu akaenda kanisani. Kisimani akakuta zimwi kongwe, limekonda, mbavu nje.

“Mama, nipe moja tu.”

“Hizi ni za Bwana, babu,” akajibu, akapita zake.

“Haya, kitue mbele ya huyo Bwana ukiweza!” zimwi likacheka.

Mbele ya madhabahu, kikapu kikakataa kutoka kichwani. Mzee wa kanisa akakivuta, kikazidi uzito. Wanakwaya wakakivuta, kikazidi. Mchungaji akakivuta huku akiomba, kikazidi, hata Nakijwa akaanguka magoti na kitenge chake kipya, shingo karibu ikatike.

“Mama, umebeba ndizi au mawe?” mchungaji akahema.

“Ndizi, baba mchungaji. Za Bwana.”

Shingo ikalia ko! Nakijwa akaona kifo hiki hapa.

“Jamani, nimedanganya!” akapiga kelele, na papo hapo kikapu kikaanza kuwa chepesi. Akavuta pumzi, akaendelea haraka: “Zimwi lilikuwa na njaa, nikalinyima, nikamsingizia Mungu. Nilitaka tu mwone kikapu changu kimejaa!”