Kisu Kilichopata Mwenyewe

Nakijwa alipookota kile kisu cha kukunja kilikuwa donge la kutu, wala hakuna aliyekidai. Alikilowesha kwenye mafuta ya taa siku nne, akakisugua kwa majivu, akakitia mpini wa pembe na tone la mafuta ya cherehani kwenye bawaba. Kilipoanza kung'aa na kufunguka kwa kidole kimoja, ghafla kikapata mwenyewe.

Mzee Senkondo, mwenye ng'ombe sitini na visu vya kutosha kuwachinja wote, alifika na mwenyekiti wa kijiji, maana hata unyang'anyi aliutaka uwe na heshima yake.

"Hicho changu, binti. Kilinidondoka."

"Pole, baba. Lakini visu hufanana."

"Kisu changu nisikijue? Nimetembea nacho miaka ishirini."

"Hujawahi kumwazima mtu?"

"Mimi na kuazima?"

"Hapo nakuamini." Nakijwa akamgeukia mwenyekiti. "Umesikia? Ni chake, na hakijashikwa na mkono mwingine. Basi achukue. Nilikikuta kimechomekwa kwenye ukingo wa bwawa la kijiji, pale mwizi wa maji alipotoboa. Faini ilikuwa ng'ombe wangapi vile?"

"Sita," mwenyekiti akasema, akimtazama mzee.

Senkondo akakisogeza kisu karibu na macho. "Hebu... Changu kilikuwa kirefu kidogo."

"Angalia vizuri, baba. Usije ukaacha mali yako."

"Si hiki, nimesema."

Akaondoka haraka kuliko alivyokuja. Nakijwa akatia kisu mfukoni, akarudi shambani kumalizia lile shimo la mgomba alimokiokota, mwendo wa nusu saa kutoka bwawani.