Zimwi Lililotaka Kummeza Mungu

Sogeeni, wanangu, mnipe masikio. Hapo kale palikuwa na zimwi ambalo kila kitu lilichoonyeshwa, lilikimeza. Siku moja likaingia kijijini, likanyakua mtoto mchanga.

"Nionyesheni Mungu wenu nimmeze, la sivyo nammeza huyu!"

Mtu mmoja akaonyesha mlima, zimwi likaumeza.

"Siye! Bado nina njaa."

Wa pili akaonyesha mto. Likaumeza pamoja na samaki wake.

"Siye! Bado nina njaa."

Wa tatu akaonyesha moto. Likaumeza, meko yote yakapoa.

"Siye!"

Ndipo akajitokeza Bi Mkejuma, mkunga aliyempokea mtoto yule alfajiri ile. Watoto wote aliowapokea, jana hawakuwepo, leo wapo, na hajapata kujua jambo hilo aliiteje.

"Zimwi," akasema, "wewe upo?"

"Nipo! Hunioni?"

"Basi hicho kinachokufanya uwepo, ndicho. Jina jingine sina."

Zimwi likamweka mtoto chini, likajiinamia kifuani, likafumbua domo, likakivuta kile kilicholifanya liwepo. Halikupiga hata ukelele. Pale liliposimama hapakubaki hata unyayo. Mlima ukarudi mahali pake, mto ukatiririka, moto ukawaka, na mtoto akalia.

Watu wakamzunguka mkunga. "Bibi, sasa tuambie na sisi. Mungu ni nini?"

Bi Mkejuma akafumbua kinywa ajibu. Akalikumbuka lile domo, akakifumba.

Nami, wanangu, changu nakifumba hapo.